Kengele Iliyolia Kooni mwa Chatu

Kwako shemeji, mume wa dada yangu Akinyi,

Barua hii haina stempu kwa sababu posta haifiki huko uliko. Nimeiacha wazi, anayetaka kusoma asome, maana jambo lenyewe uliliharibu mbele ya watu na sioni kwa nini mimi nilitengeneze chini ya meza. Ukikuta makosa ya maandishi uvumilie. Shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu hakunifuata.

Wamekuwekea saruji nzuri. Juu yake wameandika "Mtu wa Kweli". Niliposoma nilianza kucheka, Akinyi akanikanyaga mguu kwa kile kiatu chake cha msiba, nikageuza kicheko kuwa kikohozi. Watu walidhani nimezidiwa na majonzi. Hata hivyo nilikuwa nimezidiwa, lakini si vile walivyofikiri.

Nataka kwanza tukumbuke vizuri, kabla sijakutukana.

Unakumbuka ulivyokuwa unamfuata Akinyi? Ulikuja kwetu na redio ya kubeba begani na suruali pana ya kufagia njia. Baba hakukupenda. Mimi nilikupenda kwa sababu ulinipa betri ulizomaliza, nikaziweka juani zikapata nguvu kidogo. Siku moja ukaniambia, "Omera, ndugu yangu, twende korongoni nikuonyeshe kitu, lakini ufunge hiyo domo yako." Tukapanda kutoka barabara ya Busia, tukaiacha Kisian chini, mpaka pale mto umekata mwamba ukabaki uchochoro wa mawe na kidimbwi katikati. Ukanilaza juu ya jiwe kama mjusi. Tukangoja hadi nikaanza kukusengenya moyoni.

Pongo dume akaja kunywa maji. Pembe zake nazikumbuka. Aliinamisha kichwa, na lile ambalo mimi nilidhani ni mzizi wa mti pembeni ya dimbwi likaruka. Hakukuwa na kelele. Chatu alimshika usoni, akamzungusha, akakaza. Ulininong'oneza sikioni kama mtangazaji wa mpira: "Angalia. Havunji mifupa, watu wanasema uongo. Akitoa pumzi, yeye anakaza. Akitoa tena, anakaza tena. Nafasi ya pumzi inaisha." Kisha akamlegeza, akamnusa mwili mzima akitafuta kichwa, akaanza kumeza, pembe na yote. Mdomo ulifunguka mpaka nikahisi taya langu mwenyewe linauma. Mimi, ambaye kanisani nilikuwa nalala, siku hiyo nilijisikia niko ibadani.

Ukanifundisha na mambo ya heshima. Kwamba huyo hapigwi jiwe. Kwamba wazee walimwita mgeni wa mvua, na jina lake la ng'ielo halitajwi ovyo karibu na maji. Na la mwisho ukalirudia kwa kidole mdomoni: akiwa amemeza, akiwa mzito, hasemwi. Hawezi kukimbia, hawezi kupigana, na mwenye panga ndiyo siku yake. Kwa hiyo aliyemwona hufunga mdomo mpaka mgeni ashuke mwenyewe bondeni. Akisemwa akauawa, mvua inageukia ziwani na kumwagikia samaki. Nilikubali. Ndiyo siri ya kwanza niliyowahi kutunza maishani mwangu, na nilijivunia.

Basi ukamuoa Akinyi. Ng'ombe zako zikaingia zizini kwetu, ukawa shemeji.

Halafu ukaja mwaka wa mahindi ya njano. Wewe na mimi tulikonda hadi tukafanana. Mvua ilikataa. Tuliyala yale mahindi ya msaada huku tukisema ni chakula cha kuku wa Wazungu, na kesho yake tukapanga foleni tena. Kutoka kilimani tulikuwa tunaliona ziwa lote limelala pale, maji mpaka macho yanachoka, na shambani kwetu ukipiga jembe linakurudishia mkono. Wanyama wakawa wanaingia korongoni, maana dimbwi lile ndilo lililobaki.

Jumapili ile walikuwa wamekuombea asubuhi ukawa mzee wa kanisa. Nilikaa benchi la nyuma nikakuona umepiga magoti na kanzu nyeupe, Mama mchungaji anaimba juu ya kichwa chako. Mchana ukamwambia Akinyi unakwenda kumtembelea mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe nilikuwa mimi, na ugonjwa ulikuwa kiu. Pale chini ya korongo kulikuwa na mama mmoja aliyepika pombe ya chang'aa, kwa sababu polisi hawakupenda kupanda mawe. Kanzu uliikunja ukaiweka kwapani.

"Ya mwisho," ukaniambia. "Namuaga shetani kwa heshima. Kuanzia kesho mimi ni mtu mwingine."

"Shetani ataumia," nikakujibu. "Ulikuwa mteja mzuri."

Ulicheka. Kicheko chako ninacho mpaka leo, ndicho kinachonikera zaidi.

Tulipomaliza tukapanda juu kidogo kwenye jiwe letu, kuota jua kama zamani. Tukasikia kengele. Ting. Kimya. Ting. Tulijua ni ya nani kabla ya kuona. Mama Risper, yule mjane wa boma la chini, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo alikuwa na ndama mmoja jike aliyekuwa ameachishwa maziwa. Ndama alipenda kupotea. Kwa hiyo Mama Risper alifungua kifuniko cha kengele ya baiskeli ya marehemu mumewe, akaning'iniza msumari ndani yake, akamfunga shingoni. Kijiji kizima kiliijua sauti hiyo. Haikuwa sauti ya ng'ombe, ilikuwa sauti ya baiskeli mbovu.

Tulipochungulia, ndama alikuwa tayari ameshikwa. Mikunjo ilishamzunguka, macho yamekwisha tulia. Nikaokota jiwe. Wewe ukanishika kifundo cha mkono, na mkono wako ulikuwa na nguvu shemeji, ulikuwa hujalegea na chai za kanisa.

"Ameshakufa," ukasema. "Ukimpiga mgeni mwaka huu, mvua utaitoa wapi?"

"Lakini ni wa Mama Risper."

"Ndiyo. Tutamwambia. Ila si sasa. Ashuke kwanza."

Nikaliweka jiwe chini.

Tukakaa tukatazama. Sijawahi kuona tena mnyama mkubwa namna ile akiingia mahali padogo namna ile. Kichwa kiliingia, halafu kengele ikafika kwenye mdomo. Chatu akasimama kidogo kama mtu aliyekutana na mfupa wa samaki. Akasukuma. Kengele ikaingia, na kila alipovuta misuli yake ikalia humo ndani, sauti ya chini, imezibwa: ting, kisha ting. Ilikuwa inashuka kooni mwake huku inalia. Nikakwambia, "Sikiliza, anawaita watu ibadani." Hukucheka. Ukavaa kanzu yako. Na tukiwa tunashuka ukaniambia mara mbili, "Omera, hasemwi mpaka ashuke. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Mimi nilielewa, angalau.

Mama Risper alianza kuulizia kesho yake. Alipita boma kwa boma, mkono nyuma ya sikio, akisikilizia baiskeli. Akafika kwetu. Wewe ulikuwepo, umekaa na uji. Akauliza kama tumemwona ndama. Mimi nikiogopa uso wangu utasema, nikafanya ninachojua kufanya. Nikamwambia, "Mama, huyo ndama ni mzuri sana. Labda amevuka mpaka ameolewa Uganda." Alinitazama tu. Hakucheka hata kidogo. Nawe ukainamia uji wako.

Ule mzaha ndio walioutumia kunifanya mwizi wa ndama.

Kwa maana mgeni alikaa pale juu amevimba, na siku zilikwenda, na watu wakaanza kukumbuka. Nani alionekana akishuka korongoni Jumapili? Huyu. Nani hana kazi, anapenda nyama, anajibu wajane kwa dharau? Huyu huyu. Nilivumilia, shemeji. Nilikuwa nakutazama ng'ambo ya ua na ulinitikisia kichwa kidogo: bado. Nikanyamaza.

Halafu mvua ikanyesha. Hiyo siwezi kuikataa. Ilishuka jioni kutoka upande wa Riat, mpaka mabati ya kanisa yakashindwa kusikilizana na mchungaji, na wewe ndiwe uliyeongoza maombi ya shukrani. Nilipanda korongoni asubuhi yake. Mgeni alikuwa ameondoka. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye jiwe letu, umeosha nyasi zilizolaliwa, umeosha kila kitu. Nikateremka mbio na furaha yangu yote, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Risper nikamwambia ukweli.

Hakuniamini. Alikwenda kwa naibu wa chifu.

Lile baraza unalikumbuka? Mimi nakumbuka hata kuku aliyekuwa anapita katikati. Nilisimama nikaeleza. Watu walianza kucheka nilipofika kwenye kengele. Naibu wa chifu akafuta macho kwa leso.

"Mbuzi anameza, tunajua," akasema. "Kondoo, sawa. Lakini ng'ombe? Na kengele? Wewe si ndiye uliyesema kiboko ameingia kwenye choo cha shule?"

Ni kweli nilisema. Ilikuwa siku nzuri sana, walimu walikimbia. Lakini ndiyo maana nilikuhitaji wewe. Uongo wangu ulikuwa unajulikana mpaka sokoni, kwa hiyo nilihitaji kuazima ukweli wako kwa dakika moja tu. Nikanyoosha mkono nikasema, "Muulizeni mzee wa kanisa. Tulikuwa wawili."

Ukasimama. Kanzu imepigwa pasi. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Mimi," ukasema, "korongoni sijakanyaga tangu nimwamini Bwana. Jumapili hiyo nilikuwa kwa mgonjwa. Namwombea shemeji yangu asamehewe."

Watu walisema amina. Shemeji, walisema amina.

Ningeelewa kama ungesema ulisahau. Ungesema ulilewa hukuona vizuri, hapo ningecheka mwenyewe. Najua ulikuwa unaogopa nini. Kanzu ilikuwa mpya, na kusema ulikuwa pale juu ni kusema ulikunywa nini pale chini. Lakini kuniombea? Kunikana ningekuzoea. Kuniombea ndiko kulikoniua.

Wakasema tutoe ndama kwa ndama. Mama yangu akafungua zizi akatoa mtamba mdogo, yule mwekundu mwenye doa la paji, aliyezaliwa na mmoja wa ng'ombe ulioleta kwa ajili ya Akinyi. Kwa hiyo hata malipo yalikuwa jasho lako, ukitaka kuhesabu hivyo. Mimi sikutaka kuhesabu. Nilikuwa namtazama Mama. Alimpeleka mtamba mwenyewe kwa kamba mpaka boma la Mama Risper, akarudi, akaniita jikoni. Akaniambia, "Wamekwisha ondoka. Sasa niambie mimi tu."

Nikamwambia vilevile. Jiwe, chatu, kengele inayoshuka, wewe pembeni yangu.

Alisukuma kuni ndani ya moto. Kisha akasema maneno mawili. "Hata mimi?"

Alidhani namdanganya hata yeye, na hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini. Alinipikia, alinifulia, alinipenda kama mama anavyompenda mwanawe mwizi. Hiyo ni aina ya mapenzi, na ina ladha yake. Sikutakii.

Watoto wakaanza kuniita Chatu. Nikahamia mjini, mtaa wa Manyatta, nikajifunza kutengeneza baiskeli, na baiskeli za boda boda zilipoanza kujaa nikapata riziki. Wewe ulikuwa unapita na baiskeli yako Jumapili ukitoka soko la Kibuye na nyanya kwenye karia. Unaniletea gurudumu limepinda, nakunyooshea spoku, tunaongea habari za watoto wa Akinyi. Siku moja tu nilikuuliza. Nilikuwa nimeinama kwenye mnyororo, sikukutazama.

"Shemeji, ile kengele huwa huisikii?"

Ukakaza kamba ya nyanya zako, halafu ukasema, "Mambo ya zamani, omera. Tumwachie Mungu."

Nikakufungia nati nikakuambia Mungu ana kazi nyingi, na breki yako ya nyuma imekwisha. Ukaenda. Nilifikiri umesahau kweli. Nilikusamehe nusu kwa ajili hiyo, maana mtu aliyesahau ni kama mtoto, utamfanya nini.

Sasa sikiliza ulichonifanyia ukiwa umekufa.

Baada ya mazishi tuligawana nguo zako kama desturi. Mimi nilipewa koti la kahawia, lile la harusi. Akinyi akanivuta pembeni akaniambia kuna kitu kingine kilichokuwa sandukuni mwako, ulimwagiza anipe. Akafungua leso. Kifuniko cha kengele ya baiskeli. Kimeliwa liwa juu, kimekwaruzwa na kitu kikali kuliko kutu, kina vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kamba hakuna. Msumari upo, umebaki mwembamba kama sindano ya gunia.

"Alisema aliokota korongoni," Akinyi akaniambia, "kwenye kinyesi kikavu cha chatu, pamoja na manyoya na kwato. Alikuwa amekwenda kuomba peke yake."

"Lini?"

"Mwaka wa mahindi ya njano. Mvua ilipokatika kidogo."

Nilikaa chini, juu ya gunia la dagaa wa omena, na likapasuka. Kwa hiyo ulirudi. Ulijua pa kutafuta, ulitafuta, ukapata. Mama alikuwa hai. Alikuwa anaishi mwendo wa kuchemsha chai kutoka kwako, na alikaa hai miaka mingine mingi, akija kwako kila Krismasi kula kuku wako. Kengele ilikuwa sandukuni chini ya kitanda ambacho alikuwa anawekea koti lake. Ungeitikisa tu. Hukuhitaji kusema neno hata moja, kanzu yako isingepata doa. Ungesema umeiokota ukiomba, na ingekuwa kweli.

Hilo, shemeji, silielewi. Pale barazani uliogopa, na kuogopa hakumpi mtu muda wa kufikiri. Lakini sandukuni uliogopa kwa miaka yote hiyo, kila ukibadilisha shati.

Jumapili iliyopita ilikuwa ukumbusho wako. Mchungaji alitaka upande wa mke useme maneno, na Akinyi alinishika mkono akanisihi nisiwaaibishe watoto wako. Nikamwahidi kwamba sitafungua mdomo. Nilikwisha fanya mazoezi, wewe ndiye uliyenifunza.

Lakini Jumamosi nilikuwa nimepita kwa Mama Risper. Macho yake hayaoni tena vizuri. Sikumwambia kitu, nilimwekea kengele mkononi. Aliipapasa, akaitikisa karibu na sikio. Msumari ule mwembamba ukasema ting.

"Hii ni baiskeli ya mzee wangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaitikisa tena. "Kumbe hukumla."

"Sikumla."

Akakaa. Akaniuliza kengele imetoka kwa nani, nikamwambia. Akasema, "Wewe kesho usiseme chochote. Nipe kamba."

Akachelewa makusudi, yule mama. Mchungaji alikuwa katikati ya habari zako, amefika kwenye uaminifu wako, tukasikia nje kwenye kokoto: ting. Kimya. Ting. Akaingia mlangoni, kengele imefungwa kwenye fimbo yake ya kutembelea, akapita katikati ya viti polepole sana hadi mbele. Kila alipogusa sakafu ikalia. Vijana hawakuelewa. Lakini wazee wote, shemeji, naibu wa chifu mstaafu na leso yake, Mama mchungaji, wote waligeuza shingo, wakaitazama kengele, wakanitazama mimi, wakaitazama picha yako yenye maua. Hakuna aliyesema amina. Mama Risper akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti.

Baadaye naibu wa chifu alinipa mkono. Akasema anataka kuniambia kitu, akashindwa, akanisifu koti. Nikamwambia ni lako.

Furaha niliyoingoja muda wote huo ikaja, nikaitafutia mahali pa kuiweka. Nikaangalia benchi la tatu upande wa dirisha, pale Mama alipokuwa anakaa na kile kitabu chake cha nyimbo alichokishika juu chini. Amekaa mtu mwingine.

Kwa hiyo nina ombi moja, halafu nakuacha na saruji yako. Wewe uko huko, na yeye yuko huko. Nenda ukamtafute. Usivae kanzu. Mkute amekaa, umwambie kwamba Jumapili ile tulikuwa wawili juu ya jiwe. Usitume malaika, wala usimwombee mtu. Sema kwa mdomo wako, na akikuuliza "Hata mimi?", ujibu.

Lala sasa. Umekuwa mzito muda mrefu, na mimi sikukusema mpaka uliposhuka.

Ndimi ndugu wa mke wako,
yule mwizi wa ndama uliyemwombea.